Kahawia ya Oudenaarde au nyekundu ya Roeselare: ununue ipi?

Shemeji yangu alipokuja kunitembelea hapa Gent akitokea Moshi, nilimwekea mezani glasi mbili za bia bila kumweleza chochote. Akanusa ya kwanza, akaonja, akairudisha mezani taratibu kama mgeni anayeogopa kumvunjia mwenyeji heshima. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hii imechacha."

Nikamwambia ndiyo, imechacha, na kuna watu wamekaa miaka miwili wakiisubiri ichache. Akanitazama. Kisha akavuta glasi ya pili, akaonja, akaonja tena. "Hii nayo imechacha," akasema, "lakini imechacha kistaarabu."

Hapo alikuwa ameshaimaliza kazi yote niliyokusudia kuifanya katika makala haya. Glasi ya kwanza ilikuwa Rodenbach Grand Cru, bia nyekundu-kahawia ya mji wa Roeselare, Flandria Magharibi. Ya pili ilikuwa Goudenband ya Liefmans, bia ya kahawia ya Oudenaarde, Flandria Mashariki. Zote ni za Ubelgiji, zote ni chachu, dukani hupangwa rafu moja, na mwenye kuzinunua mara ya kwanza huokota yoyote. Akiangukia isiyomfaa anaapa kwamba bia chachu si za binadamu. Nimewaona wengi hivyo, hata Wabelgiji wenyewe.

Majina yenyewe ni mtego

Oud bruin kwa Kiholanzi ni "kahawia ya zamani". Huku Flandria jina hilo hupewa bia chachu ya aina ya Oudenaarde. Lakini vuka mpaka uingie Uholanzi, agiza oud bruin, uone: utaletewa bia tamu, nyepesi, yenye kilevi cha asilimia mbili tatu hivi, na uchachu hata wa dawa huupati. Mimi nilinunua huko chupa sita nikidhani nimepata bei nafuu. Nikaishia kuzigawa kwa jirani, naye alizifurahia sana, kwa sababu hapendi bia.

Mtego wa pili uko hapahapa Flandria. Petrus Oud Bruin, inayotengenezwa na De Brabandere huko Bavikhove, ina jina la kahawia ya zamani, lakini ndani yake kuna sehemu ya bia iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni. Kwa jina ni ndugu wa Goudenband, kwa ulimi imesogea upande wa Rodenbach. Kwa hiyo usisome jina peke yake. Uliza kama bia imepita kwenye mbao au haikupita. Swali hilo moja litakusaidia kuliko maandishi yote ya kwenye chupa.

Na ukiona lambic, hiyo ni ya kwao kabisa: inatoka upande wa Brussels na eneo la Pajottenland, na huchachushwa na hamira za porini zinazoingia na hewa ya usiku. Tuiache huko.

Mtindi na siki

Anayeijua mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, anaijua nusu ya hadithi. Ulezi unalowekwa, unachipua, unakaushwa, unasagwa, ndicho kimea. Wafleme, watu wa Flandria, wanafanya vivyo hivyo kwa shayiri, ila kimea chao wanakikausha kwa moto zaidi ili bia ipate rangi na ladha ya ukoko wa mkate. Pale Mchaga anapotia msesewe, gome la mti, kuleta uchungu, wao wanatia hopsi, maua machungu ya kutilia bia, tena kidogo tu, maana hopsi nyingi huwazuia bakteria wa uchachu wasifanye kazi yao.

Na bakteria hao ndio wenye neno. Kuna wa asidi ya laktiki, ile ya mtindi: laini, inatandaza kinywani, haina haraka. Kuna na wa asidi ya asetiki, yaani siki yenyewe, ambayo hukupanda puani kabla glasi haijagusa mdomo. Wa mtindi hawahitaji hewa. Wa siki bila oksijeni hawatengenezi kitu. Shika hapo, kwa sababu tofauti ya miji hii miwili imejificha humo.

Oudenaarde hawatumii mbao. Kwa Liefmans, maji ya kimea humiminwa kwenye vyombo vya shaba vilivyo wazi juu, hamira na bakteria wa laktiki wakachachusha kwa pamoja, kisha bia ikahamishiwa kwenye matangi ya chuma kukomaa kwa miezi. Chuma hakipumui, hivyo wa siki hawapati nafasi. Kabla ya kutiwa kwenye chupa, bia iliyokomaa huchanganywa na changa ili uchachu ukae sawa na utamu wa kimea. Maji ya asili ya mji ule nayo yalikuwa na mchango wake: yana kaboneti nyingi, jamaa wa magadi tunayotia kwenye maharage yalainike, na kazi ya kaboneti ni kupoza asidi. Ndiyo maana bia ya huko ilizoeleka kuwa ya kahawia na ya upole tangu zamani. Kiwanda chenyewe kinahesabu umri wake kuanzia mwaka 1679. Tangu mwaka 2008 kiko chini ya kampuni ya Duvel Moortgat, na maji ya kimea siku hizi hupikwa kwingine yakaletwa Oudenaarde kuchachushiwa.

Huwezi kuitaja Liefmans bila kumtaja Rosa Merckx. Aliajiriwa hapo mwaka 1946 kuwa katibu muhtasi, akaishia kuwa ndiye mpika bia mkuu, na anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza Ubelgiji kushika kazi hiyo. Kwa sisi tuliokulia mahali ambapo pombe ya nyumbani ni kazi ya akina mama, sifa hiyo inachekesha kidogo. Bibi zetu walikuwa wapika bia wakuu bila cheo na bila mshahara.

Roeselare ni habari nyingine. Kiwanda cha Rodenbach, kilichoanza mwaka 1821, kina mapipa 294 ya mwaloni yanayoitwa foeder, yamesimama safu kwa safu mithili ya minara, makubwa yake yakibeba zaidi ya lita 60,000. Yameungwa ubao kwa ubao bila msumari, mianya ikizibwa kwa matete na nta ya nyuki. Humo bia hulala hadi miaka miwili. Mwaloni unapumua, pole pole sana, na pumzi hiyo ndogo inawatosha bakteria wa siki na hamira za porini kukaa humo kizazi baada ya kizazi. Kila pipa lina tabia yake. Moja linatoa bia kama tofaa bichi, jirani yake linatoa kitu kinachotaka kuwa siki ya saladi. Ndipo kazi ya kuchanganya inapokuja, maarifa ambayo Eugène Rodenbach aliyafuata Uingereza katika karne ya 19.

Rodenbach ya kawaida ni robo tatu bia changa na robo iliyolala. Grand Cru imegeuza mizani: theluthi mbili iliyolala, theluthi moja changa. Kwa hesabu hiyo tu unaweza kubashiri ulimi wako utakutana na nini.

Glasi mbili mezani

Nirudi kwenye meza yangu. Rodenbach ukiielekeza kwenye taa ni nyekundu iliyoiva, rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwenye birika hadi ikasahauliwa. Harufu inakuwahi: siki, tofaa bichi, cheri, na nyuma yake unyevunyevu wa ghala la mbao. Ukinywa, mashavu yanajikunja. Ni mkunjo uleule wa embe bichi lenye chumvi na pilipili, ule uliotufanya utotoni meno yafe ganzi na bado mkono ukarudi kwenye sahani. Halafu inakata. Hilo ndilo linaloipa heshima yake: inakata kiu na kuacha ulimi mkavu, na mwaloni unaacha ukakasi kidogo kama ule wa chai nzito.

Goudenband ni kahawia yenye wekundu kwa mbali, na povu lake lina rangi ya kahawa ya maziwa. Harufu hairuki kutoka kwenye glasi, inabidi uifuate. Ukiifuata unakuta zabibu kavu, tende, sukari iliyoungua kidogo, ukoko wa mkate. Kinywani utamu unatangulia, uchachu unafuata nyuma kama mtu aliyechelewa msikitini anayetafuta nafasi bila kusukuma watu. Naifananisha na mchuzi wa ukwaju uliotiwa sukari guru: huwezi kusema ni mtamu, huwezi kusema ni mchachu. Ina mwili mzito. Na kilevi chake ni asilimia 8, jambo ambalo utamu ule unalificha vizuri mno. Hii si togwa. Shemeji alimaliza glasi akaomba ya pili, na ilipoisha akaanza kutusimulia habari za shamba la babu yake ambazo hakuna aliyemwuliza.

Kama umewahi kumimina mbege iliyokaa siku moja zaidi ya ilivyotakiwa, unaujua uchachu ulio karibu na wa Rodenbach. Kama unaipenda mbege ikiwa bado changa, utamu wa ndizi haujaondoka, wewe ni mtu wa Oudenaarde.

Jikoni

Hapa sina usawa, na sitaki kuujifanya. Kwa kupikia, kahawia ya Oudenaarde inaishinda ya Roeselare mbali.

Chakula cha nyumbani cha Wafleme ni stoofvlees: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vikubwa, ikakaangwa hadi ishike rangi, ikatiwa vitunguu vingi, ikamiminiwa bia ya kahawia na kuachwa moto mdogo saa tatu. Juu ya mchuzi wanalaza kipande cha mkate uliopakwa haradali, upande wa haradali ukitazama chini. Mkate unayeyuka, unaufanya mchuzi uwe mzito. Wanakula na viazi vya kukaanga. Kwetu ingelika vizuri tu na ugali.

Mara ya kwanza kuwapikia wageni nilitia Grand Cru, nikiwaza kwamba bia ghali italeta mchuzi wa ghali. Sikuwaza kwamba maji yanapungua sufuriani, lakini uchachu haupungui kwa kasi hiyo. Baada ya saa tatu nilikuwa na nyama laini inayoelea kwenye achari. Nikatia sukari kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Wageni walisifu viazi. Tangu siku ile sufuria yangu hupewa Liefmans Oud Bruin, ile ya asilimia 5, ambayo ina utamu wa kutosha kuhimili moto wa muda mrefu. Goudenband naihifadhi kwa glasi ya pembeni, maana kuichemsha ni kufuru.

Mezani mambo yanageuka. Mbele ya samaki wa kukaanga, kamba, au chochote ambacho ungekikamulia ndimu, mpe mtu Rodenbach. Inafanya kazi ya ndimu. Wafleme wenyewe wanaipenda na uduvi wao mdogo wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini. Goudenband mbele ya samaki inambana. Ipeleke kwenye nyama: mshikaki, sungura aliyepikwa na plamu kavu kama wanavyofanya hapa, au maini ya kukaanga na kitunguu. Jibini kali pia, kwa anayelipenda.

Chupa gani hasa

Kama hujawahi kuonja bia chachu kabisa, usianze na Grand Cru. Hilo ndilo kosa nililomfanyia shemeji, kwa makusudi nikiri. Anza na Rodenbach ya kawaida, asilimia 5.2, ambayo wingi wa bia changa unaipunguzia makali. Inauzwa katika maduka mengi makubwa ya Ubelgiji, tena kwa bei isiyotisha. Ukiona mashavu yanajikunja na bado mkono unarudi, panda Grand Cru ya asilimia 6. Mbele yake iko Vintage, asilimia 7, ambayo inatoka kwenye pipa moja lililochaguliwa bila kuchanganywa na changa. Hiyo ni ya walioshindikana.

Kama unapenda mvinyo mwekundu mtamu, au kahawa yako ina vijiko vitatu vya sukari, elekea Oudenaarde moja kwa moja. Goudenband kwa jioni, Oud Bruin kwa siku ya kazi.

Halafu kuna wanaotaka vyote viwili. Kwao iko Duchesse de Bourgogne ya kiwanda cha Verhaeghe huko Vichte, asilimia 6.2, mchanganyiko wa bia ya miezi 8 na ya miezi 18 iliyokaa kwenye mwaloni. Ni ya ukoo wa Roeselare lakini utamu wake unakaribia wa Oudenaarde, na siki yake iko palepale haijajificha. Kwenye lebo yupo Marie wa Burgundy, mtawala wa Flandria wa karne ya 15, na kipanga wake wa kuwindia. Aliaga dunia mwaka 1482 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi akiwa mawindoni. Wengi wanaipenda bia hii mno. Mimi glasi ya kwanza huipenda, ya pili hunichosha, kama harusi iliyopita saa sita usiku.

Jihadhari na kitu kimoja: Liefmans wanauza pia Fruitesse, bia tamu ya matunda yenye asilimia 3.8, wanayoipendekeza kwa barafu. Haina ubaya wowote siku ya jua. Ila ukiinunua kwa sababu tu jina Liefmans ulilisoma hapa, utajiuliza ukwaju niliousema uko wapi. Ukitaka cheri halisi ndani ya bia chachu, chukua Kriek-Brut ya haohao Liefmans, au Alexander ya Rodenbach ikiwa unataka cheri na mwaloni pamoja.

Kwa anayetaka kuweka chupa miaka, mshindi ni Goudenband ya sentilita 75, zile chupa zilizojulikana kwa kuvalishwa karatasi laini. Inaendelea kukomaa ndani ya chupa. Utamu unapungua, zabibu inakuwa kavu zaidi, na baada ya miaka kadhaa inaanza kufanana na mvinyo mtamu wa Ureno kuliko bia. Iweke gizani na pasipo joto. Niliwahi kununua moja kwenye duka dogo lililoipanga dirishani ijipambe juani, sijui kwa muda gani. Ilinuka kama kadibodi iliyolowa. Tangu hapo chupa yenye vumbi la kabatini naiamini, ya dirishani siigusi, hata ipunguzwe bei namna gani.

Kuhusu ubaridi, Rodenbach itoke kwenye friji, ipumzike dakika tano, inywewe. Goudenband itoe nusu saa kabla. Ikiwa baridi sana huonji tende wala sukari iliyoungua, unabaki na uchachu mtupu na kulaumu watu wa Oudenaarde bure. Imimine taratibu, na mashapo ya chini uyaache chupani isipokuwa kama unayataka.

Nilimpeleka shemeji Oudenaarde kwa treni Jumamosi moja ya Julai. Mji huo ndio mwisho wa mashindano ya baiskeli ya Ronde van Vlaanderen tangu mwaka 2012, na waendesha baiskeli wamejaa kila kona, wamelowa jasho, wanasukumana kwenye meza za nje. Tulikuwa tumetembea mchana kutwa, jua kali kuliko alivyotarajia kwa Ulaya. Mhudumu alipofika nikamwagizia Goudenband, maana wiki nzima alikuwa akiisifia ile ya kistaarabu, na sasa tulikuwa nyumbani kwake. Akanishika mkono.

"Shemeji, kwa jua hili hapana. Waulize kama wanayo ile iliyochacha."